Mafundi kompyuta wa Mtwara, acheni kuwatisha watu na joto la nyuzi 60!

Wakuu, hii naandika na hasira zangu zote, mods msiniunganishe na uzi mwingine.

Mama mdogo ana steshenari huku Chikongola. Kompyuta ya mezani moja, printa moja, maisha yanasogea. Mashine ikawa nzito kufunguka. Fundi akaja, akaweka programu ya kupima joto la prosesa, ile chipu inayoendesha kompyuta, ikasoma nyuzi 58. "Mama, prosesa inaungua hii, ikigusa 72 ndio basi." Laki na nusu ikatoka. Akafungiwa prosesa nyingine ya mtumba, i5-4590, aina ileile! Ile "mbovu" jamaa akaondoka nayo, na sina shaka sasa hivi inapiga kazi kwa mteja mwingine. Mashine bado nzito, maana kilichochoka ni hadidiski. Huu si wizi?

Hiyo 72 najua mnaitoa wapi. Kwenye maelezo ya Intel, watengenezaji wa i5-4590, kuna 72.72. Lakini hilo ni joto la pale juu ya kifuniko cha chuma cha prosesa. Programu yako, fundi, inasoma vihisio vilivyo ndani kabisa, ambako siku zote kuna moto zaidi. Huko ndani kikomo ni 100. Ikikaribia hapo, prosesa inajipunguzia kasi yenyewe ili ipoe. Ikishindikana, mashine inazima. 58 ni joto la kawaida kabisa!

Halafu mnasoma mtandaoni kwamba mashine ikitulia iwe 30 au 35. Aliyeandika hayo amekaa kwenye chumba cha nyuzi 20. Hapa kwetu kipindi cha kaskazi, fremu ya bati saa nane mchana inapita 32 hujawasha hata taa. Feni inapuliza hewa hiyohiyo ya chumbani, haiwezi kuifanya prosesa iwe baridi kuliko chumba. Kwa hiyo 45 mpaka 50 bila kazi, 65 mpaka 80 ukiibebesha kazi, hakuna ugonjwa hapo. Kusi likianza kuvuma namba zinashuka zenyewe, nanyi mnajisifu mmetibu.

Wengine wanatisha watu kwa ile 127 inayoonekana kwenye HWMonitor, programu ya kupima joto. Jamani, mara nyingi hicho ni kihisio ambacho hakijaunganishwa na kitu chochote! Prosesa ya 127 ingekuwa imeshazima mashine zamani. Na kijana wa gemu wa Shangani akiwaletea prosesa ya Ryzen 7000, ambayo watengenezaji wake AMD wenyewe walisema kwenye kazi nzito kufika 95 ni kawaida yake, mtamwambia aizike?

Sisemi joto halileti shida. i5 ikikaa 95 na umefungua Word tu, kuna kitu: vumbi limeziba mapezi ya kipozeo (kile chuma kilicho chini ya feni), pesti inayopakwa kati ya prosesa na kipozeo imekauka, au mguu mmoja wa plastiki wa feni haujashika kwenye mazabodi, ile bodi kuu. Huo mguu ndio unaosahaulika kila siku. Piga brashi, paka pesti mpya, bonyeza miguu yote minne mpaka ilie. Nusu saa umemaliza, na hakuna prosesa iliyobadilishwa.

Fundi anayebisha karibu, ila aje na modeli ya prosesa, joto la chumba, na mashine ilikuwa inafanya nini wakati anapima. Bila hivyo vitatu sikujibu.