Mrejesho: tangi la samaki la akriliki

Wakuu, mtakumbuka niliomba ushauri kuhusu tangi langu la akriliki (plastiki ngumu, angavu kama kioo) la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, nililoliunga kwa silikoni likavuja kila kona. Asanteni sana, mmeniokoa. Nilikwangua silikoni yote, nikasugua kingo kwa msasa niliolaza juu ya kioo, kisha nikatumia ile gundi ya majimaji ya akriliki mliyonishauri kwa bomba la sindano. Inajivuta yenyewe ndani ya kiungo mpaka mwisho, raha kuitazama! Baada ya siku mbili nikajaza maji. Kona tatu kavu kabisa. Ya nne bado inatoa tone. Ukingo wake haukunyooka, viputo vinaonekana. Nimemwaga maji, nitaongeza kipande cha pembetatu kwa ndani ya kona hiyo. Samaki wasubiri kidogo.