Majaribio ya chakula cha kuku wa nyama: tupeane uzoefu

Mzee wa Mizani: Kijana mmoja kaniambia utafiti wa broila ni "kupima kuku tu". Nimecheka peke yangu. Mliopita mabandani, mwageni.

Soya Mbichi: Acha nimwage. Tulikuwa na makundi matatu: soya mbichi, soya iliyokaangwa, na chakula cha kawaida. Mapema tu wale wa soya mbichi wakaanza kubaki nyuma, manyoya hovyo, wanakula lakini mwili hauji. Soya mbichi ina kitu kinachozuia kimeng'enya cha kusaga protini, kongosho linajituma mpaka linavimba. Sawa, ndicho tulichotaka kuonyesha. Usiku wa kuamkia kipimo cha mwisho, wavu wa kutenganisha vizimba ukaanguka. Nafungua mlango asubuhi, kuku wote wamejikunyata kona moja kama ndugu wa tumbo moja! Waliodumaa niliwatoa kwa macho. Hao wengine je? Wamelingana! Msimamizi alisimama mlangoni, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaondoka bila neno.

Kifaranga Sugu: Yamenikuta. Kwangu alikuwa panya.

Bibi Pumba: Pole, lakini pete za miguuni zipo kwa kazi hiyo.

Mkorofi: Mguu wa broila unanenepa haraka, pete inakata nyama. Paka rangi.

Bibi Pumba: Rangi? Wenzake wanamdonoa mpaka damu! Bora kibati cha bawani.

Mpita Njia: Mnahangaika bure, si mnawadunga homoni tu?

Mzee wa Mizani: Haya, yameanza. Homoni ya ukuaji ni protini, ukimlisha inasagwa kama chakula kingine. Na kudunga banda zima, kuku mmoja mmoja, tena na tena, nani ana mkono huo? Kule Kanada, Chuo Kikuu cha Alberta waliweka nasaba mbili za kuku zilizohifadhiwa bila kuchaguliwa tangu 1957 na 1978, pamoja na broila wa 2005. Chakula kile kile. Siku ya 56: gramu 905, 1,808 na 4,202. Hayo ni matunda ya kuchagua wazazi, bwana.

Mpita Njia: Basi chakula hakina kazi, fungeni uzi.

Bibi Pumba: Mlishe huyo wa 2005 pumba tupu, kisha urudi hapa utusimulie.

Mkorofi: 😂😂

Fundi Jiko: Turudi kwenye soya. Kaanga mpaka inukie, basi.

Kifaranga Sugu: Inukie kiasi gani? Ukizidisha moto, laisini (kijenzi cha protini ambacho kuku anakihitaji akue) inaharibika na kuku wanadumaa vilevile. Mimi napeleka maabara.

Fundi Jiko: Maabara! Pua yangu haijawahi kukosea.

Mkorofi: @Soya Mbichi, ripoti uliandikaje?

Soya Mbichi: Tulitumia uzito wa wiki iliyotangulia, na kuanguka kwa wavu tukakuandika wazi. Mtahini akauliza swali moja tu: misumari ilikuwa ya inchi ngapi.