Kitabu changu cha picha cha utotoni, binti yangu hakitaki. Nifanyeje?

Mama Nuru

Wana jamvi, habari za jioni. Najua kuna watakaouona uzi huu wa kitoto, na kweli ni wa kitoto.

Nina kitabu cha picha nilichokua nacho. Jina lake silijui maana jalada liling'oka kabla sijajua kusoma. Nyumbani tulikiita "cha mbuzi", basi. Kijana anapeleka mbuzi mnadani, mbuzi anakata kamba, na kuanzia hapo kila ukurasa mbuzi kajificha mahali: nyuma ya magunia ya mkaa, chini ya meza ya muuza vitenge, kuna ukurasa zinaonekana pembe tu juu ya ukuta. Maneno machache sana, utamu wote uko kwenye kumtafuta. Mimi na dada yangu tulikuwa tunagombania nani amnyooshee kidole kwanza, mpaka leo karatasi zina weusi wa vidole pale pale alipo mbuzi. Yaani ukitaka jibu, fuata uchafu.

Mama kaja Dar kutoka Morogoro kaniletea. Nuru ana miaka minne, nikasema sasa ni zamu yake. Nikampakata, nikaanza "hadithi hadithi!" Kimya. Hajui aitikie nini. Tukafungua, swali la kwanza: "Mama, mbona haina rangi?" Picha zote ni za wino mweusi. La pili kaniuliza kwa Kiingereza, mbuzi anaitwa nani (anasoma nasari ya mchepuo wa Kiingereza, na bili ya shule ndiyo hiyo inaongea). Kabla hatujafika mbali kashuka mapajani, anataka katuni.

Halafu karibu na mwisho baba anamchapa yule kijana fimbo kwa kupoteza mbuzi. Enzi zetu tulicheka. Safari hii nilipopitia peke yangu, sikucheka.

Na la mwisho, dada yangu kasikia kitabu kimefika Tabata, kapiga simu kutoka Kigamboni kwamba yeye ndiye mkubwa na ana watoto wawili, kwa hiyo ni chake. Mama kasema tusimwingize.

Nimlazimishe Nuru au nikiache mpaka akue? Karatasi zimeanza kukatika na pini zimeota kutu. Naomba kuwasilisha.

Chaurembo

Usishindane na katuni dada, utashindwa mchana kweupe. Subiri umeme ukatike. Kwa Tabata hutasubiri sana.

Jogoo la Shamba

Mnunulie tableti, dunia imebadilika. Kitabu kipeleke makumbusho.

Mwalimu Mstaafu

Mama Nuru, nimefundisha madarasa ya chini miaka mingi, nitakujibu kwa urefu kidogo, univumilie.

Kuhusu rangi. Vitabu vingi vya watoto vilivyochapwa hapa kwetu zamani vilikuwa vya wino mmoja au miwili kwa sababu ya gharama. Rangi kamili ina maana karatasi ipite kwenye wino nne, na soko lenyewe lilikuwa dogo. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 vitabu vya shule vilikuwa mikononi mwa serikali. Mwaka 1991 ndipo Mradi wa Vitabu vya Watoto ulipoanzishwa hapa Dar es Salaam: ukawa unawasaidia waandishi na wachoraji, na kununua nakala kutoka kwa wachapishaji na kuzipeleka shule za msingi. Hapo ndipo watoto wengi walipokutana kwa mara ya kwanza na kitabu cha hadithi kisicho na maswali mwishoni. Wachoraji wale walikuwa na mstari mweusi tu, hakuna pa kujificha, ndiyo maana mbuzi wako kachorwa vizuri kiasi hicho.

Kuhusu jina. Tazama ukurasa wa ndani wenye maandishi madogo, kama bado upo. Tafuta namba ya ISBN, ile ya utambulisho wa kitabu. Ikiwa na 9976 au 9987 mwanzoni, au baada ya 978, mchapishaji wake ni wa Tanzania. Ikiwa na tarakimu kumi tu basi ni cha kabla ya 2007, maana tangu mwaka huo zimekuwa kumi na tatu. Ukishaipata nenda Maktaba Kuu ya Taifa pale Bibi Titi. Wachapishaji wanatakiwa kisheria kupeleka nakala zao huko, na kuna sehemu ya watoto, kwa hiyo mpeleke na Nuru. Mwalimu Nyerere aliifungua Desemba 1967, nami nilikuwa kijana mdogo, lakini hayo si ya leo.

Kuhusu kuitikia: mtoto hazaliwi anajua "hadithi njoo, utamu kolea". Mfundishe peke yake kwanza, bila kitabu. Kwenye daladala, mkiwa mnaoga, popote. Sisi wa Pwani tuna "paukwa, pakawa", fupi zaidi, hata wa miaka miwili anaiweza. Siku akikudai wewe uanze, ndiyo ulete kitabu.

Mama Nuru

Shikamoo mwalimu. Ukurasa huo upo, umeliwa nusu na mende. Naona 9976 halafu tobo.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Basi una mbuzi wa Kitanzania, tumeshapiga hatua.

Bint Kariakoo

Mimi naomba tuongelee fimbo. Wangu ana miaka sita, tulikutana na ukurasa wa namna hiyo kwenye kitabu kingine cha zamani. Nilitaka kuuruka, akanizuia mkono. Akatazama weee, halafu akauliza: "Baba yake kwa nini hakumsaidia kutafuta?" Nikakosa jibu. Tangu siku ile siruki. Namsomea kilichoandikwa, halafu nasema mimi ningefanyaje. Ukiuruka anajua, wanahesabu kurasa kuliko sisi.

Jogoo la Shamba

Fimbo imetulea wote hapa na tuko salama.

Bint Kariakoo

Mkuu, wewe ndiye uliyesema kitabu kipelekwe makumbusho. Kaa humo humo.

Chaurembo

😂😂 Mimi kwa mtoto wa miaka minne ningeuruka kwanza. Sita ni sita, minne ni minne. Hajaijua hata familia ya huyo kijana, unamletea kesi.

Stesheneri ya Mwenge

Nimechelewa, dukani kulikuwa na foleni ya watu wa vyuo. Mama Nuru, mbona jawabu liko kwenye malalamiko yenu? Kitabu hakina rangi, mtoto anataka rangi. Kitolee kopi, mpe apake mwenyewe.

Ila usimkabidhi kijana wa mashine kitabu ukaenda kunywa chai. Kwanza zile pini. Usizivute. Geuza kitabu upande wa katikati, inua miguu ya pini taratibu kwa ncha ya kisu butu, ndipo uisukume itoke. Kabla hujatenganisha, andika namba kwa penseli nyepesi kwenye kona, maana karatasi moja ya kitabu cha namna hiyo inabeba kurasa nne na hazifuatani, ukichanganya utalia. Karatasi ziwekwe moja moja juu ya kioo. Zisipitishwe kule juu mashine inakovuta yenyewe, zitatafunwa. Mwambie askani kwanza kwa kijivu, nukta 300 kwa inchi, ubaki na faili. Akichagua nyeusi na nyeupe tupu, mistari myembamba ya mchoraji inapotea, na pembe za mbuzi ndiyo kwaheri.

Kama kitabu ni saizi ya A5, akuze asilimia 141, inakaa A4 kamili. Ukirudisha kitabu, kishone kwa uzi mweupe wa pamba kwenye matobo yale yale ya pini. Selotepu usiguse: inageuka kahawia, gundi inaingia kwenye karatasi na haitoki. Laminesheni nayo ukishapiga hairudi.

Nakala ibaki nyumbani kwenu. Faili usirushe kwenye magrupu, sheria ya hakimiliki ya 1999 ipo na aliyechora yule mbuzi alitoka jasho.

Bint Kariakoo

Na pa kukitunza? Hii hewa ya Dar inaozesha kila kitu.

Stesheneri ya Mwenge

Boksi la karatasi, juu kabatini, mbali na ukuta wa bafu. Mfuko wa nailoni uliofungwa unabana unyevu ndani, ukungu unastawi. Na vile vidonge vyeupe vya kufukuza wadudu visiwekwe nyumba yenye mtoto wa miaka minne, vinafanana na peremende na ni sumu.

Mzee wa Feri

Mimi naongelea dada mtu. Nina kaka yangu, tuligombania redio ya marehemu baba, sasa hivi redio iko kwake haifanyi kazi na mimi siendi kwake. Binti, huyo dada hataki karatasi. Anataka aulizwe. Vuka feri na Nuru Jumamosi mpeleke kitabu chenyewe watoto wote wakione, na umwache dada asome, kwa sauti yake ya enzi hizo. Kikilala kwake mwezi mzima kutakuwa na hasara gani?

Chaurembo

Hasara mende wa Kigamboni.

Mama Nuru

Nimecheka mpaka Nuru kaja kuuliza kuna nini. Asanteni sana wote.

Nimeamua hivi. Nitatoa kopi seti tatu, moja yangu, mbili za watoto wa dada. Kitabu chenyewe nitamwachia dada akae nacho kwanza, Mzee wa Feri umenigusa pabaya. Bado sijamwambia, nasubiri asubuhi akiwa ameshakunywa chai. Mama nimemwomba airekodi hadithi kwa WhatsApp kama alivyokuwa akitusomea. Katuma sauti ndefu ajabu, katikati anasikika anamfukuza kuku, na sehemu ya fimbo kaibadilisha kabisa: baba na mtoto wanamtafuta mbuzi pamoja. Nilipomuuliza akasema sisi ndivyo alivyokuwa akitusomea siku zote, fimbo tuliiona wenyewe kwenye picha. Sikumbuki kabisa hivyo, na dada naye anabisha.

Nuru kasikiliza mara mbili, ya pili kaitikia "njoo". Rangi bado anadai.

Swali la mwisho: anatumia maka peni, zinapita upande wa pili. Nimpe nini?

Stesheneri ya Mwenge

Kreyoni za nta hazipiti. Kama hataki kuachana na maka peni, usitoe kopi kwenye karatasi ya kawaida ya gramu 80. Omba ya gramu 120, ni nene zaidi, upande mmoja tu. Uliza bei kabla hawajawasha mashine.