Mrejesho: sauti kuchelewa na kukatika wakati wa kurekodi

Awali niliomba ushauri hapa nikieleza kwamba kila nilipoimba kwenye maikrofoni nikirekodi kwa kompyuta, sauti yangu ilinirudia masikioni ikiwa imechelewa, na nilipopunguza bafa (kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukikusanya kwanza kabla ya kukichakata) ili kuiwahisha, ilianza kukatikakatika kama redio ambayo betri zake zimekwisha. Nilifuata ushauri wa kuiacha programu ya LatencyMon, inayotafuta kinachoichelewesha sauti kwenye kompyuta, ipime kwa dakika 10 kabla sijabadilisha chochote, nayo ikaonyesha kwamba faili la ndis.sys, linalohusika na mtandao, ndilo lililoishikilia prosesa kwa muda mrefu kuliko mengine yote. Nilipoizima kadi ya Wi-Fi, mistari myekundu ya onyo kwenye LatencyMon haikuonekana tena. Kumbe kadi ya sauti niliyoilaumu mwezi mzima, na ambayo nilikaribia kuiuza, haikuwa na kosa lolote.

Niliiondoa draiva (programu inayokiendesha kifaa) ya Wi-Fi iliyokuja na kompyuta, nikaweka toleo jipya la mtengenezaji wa kadi yenyewe, kisha nikashusha bafa kutoka sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 512 hadi 128, yaani kutoka takriban milisekunde 10.7 hadi 2.7 kwa kilohezi 48, yaani sampuli 48,000 kwa sekunde. Ninapopakua faili kubwa bado nasikia mikwaruzo ya hapa na pale, kwa hiyo wakati wa kurekodi Wi-Fi naizima kabisa.