Binti wa miaka 19 kamaliza kitengo, sasa nampeleka wapi?

MamaNuru_Mbagala
Habari zenu wakuu, naombeni mawazo. Nina binti wa miaka 19 ana dauni sindromu, ule ulemavu wa akili wa kuzaliwa nao. Alikuwa kitengo cha elimu maalum kwenye shule ya msingi huku huku Mbagala, kakaa pale miaka mingi maana wale hawana cha mtihani wa la saba, siku moja tu unaitwa unaambiwa mama huyu sasa mkubwa awapishe wadogo. Tangu mwezi wa 12 yuko nyumbani. Anaoga mwenyewe, anavaa mwenyewe, vyombo anaosha kuliko mdogo wake, mchele anachambua hadi punje ya mwisho. Ila hela hazijui, elfu kumi na mia tano kwake sawasawa, na maneno yake yanaeleweka na sisi tuliomzoea tu.

Mimi nina genge, alfajiri niko soko la Stereo kufuata nyanya. Nikimwacha peke yake roho haitulii, msichana mkubwa na anamwamini kila mtu, nikimfungia ndani nayo sio maisha. Na siku hizi kawa mzito, analala mno, kanenepa, ukimwita anakuangalia tu, bibi yake anasema kadeka. Kuna chuo au kituo cha wakubwa kama huyu, sio watoto? Na serikalini kuna chochote? Baba yake alishaondoka zamani kwa hiyo naamua mwenyewe.

Kisiki_Kikavu
Mpeleke kwa maombi mama, hayo mambo ya kulala lala yana mkono wa mtu.

nesi_wa_zamu
@Kisiki tuache kwanza mkuu.

Dada, kabla hujaanza kutafuta chuo nenda hospitali. Hiyo ya kulala na kunenepa usikubali kuambiwa ni kudeka. Watu wenye dauni sindromu tezi ya shingoni inawasumbua sana kuliko watu wengine, inapunguza kazi taratibu, mtu anakuwa mzito, ngozi inakauka, choo kigumu, anapoa yaani kama sio yeye, na watu wa nyumbani wanajua ni tabia. Omba kipimo cha damu kinaitwa TSH. Kiutaratibu walitakiwa wapimwe kila mwaka hata kama hawalalamiki, ila huku kwetu akishavuka utoto hakuna anayemkumbuka. Ikikutwa tezi inafanya kazi chini ya kiwango ni kidonge cha kila siku, anarudi kuchangamka. Waambie pia waangalie masikio na macho, na kama anakoroma sana au anashtuka usingizini sema, maana wengi wao pumzi inakata usiku halafu mchana wanasinzia. Na kingine msikipuuze, huyu alikuwa na marafiki shuleni kila siku, ghafla hana hata mmoja, hata mimi ningelala.

Kuhusu usalama, mfundishe sehemu zake za siri kwa majina yake, nani anaruhusiwa kumgusa na nani hapana, rudia rudia kila siku, wanashika. Likitokea la kutokea (Mungu apishie mbali) usimwogeshe wala kufua nguo, nenda moja kwa moja hospitali na dawati la jinsia na watoto polisi. Wazee wa mtaa wakitaka kusuluhisha kienyeji kataa.

babaJ_Mza
Mama Nuru pole, nipo Mwanza, wangu wa kiume ana usonji, ana miaka 24. Nitakwambia ukweli, ukisubiri kituo cha wakubwa kilicho kamili utasubiri sana, vipo vichache na vingi ni vya mashirika au vya ada. Mimi nilizunguka, chuo kimoja wakaniambia tunamchukua ila awe anajitegemea kila kitu na aelewe maelekezo ya darasani, basi nikarudi naye.

Tulichofanya tukaangalia anapenda nini. Huyu anapenda vitu vipangwe. Kuna dobi jirani nikamwomba akae naye, nauli na chakula juu yangu, na mama yake mwanzoni alikuwa anashinda naye pale pale, anamwonyesha kazi moja tu, kukunja shati. Kola, mkono, mkono, kati. Akishaiweza ndio tunaongeza nyingine. Sasa hivi mashati yote ya wateja anakunja yeye na anayatundika kwa rangi, ukihamisha hanga moja anakuja anairudisha na anakununia hadi jioni 😂 Dobi anamlipa, sio nyingi, ila anamlipa. Shida kubwa haikuwa kazi, ilikuwa wateja wanaomcheka, na siku umeme ukikatika pasi haziwaki anachanganyikiwa, ikabidi tumwekee kazi ya siku ya giza, anahesabu vibanio. Huyo wako anayechambua mchele mbona ana kazi tayari, jirani yako mama ntilie hamuhitaji?

mwana_ustawi
Nifafanue ya serikalini maana nimefanya kazi halmashauri.

Kwanza nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au manispaa, usiishie kwa mtendaji. Beba cheti cha kuzaliwa, karatasi yoyote ya hospitali na barua ya shule, omba binti aingizwe kwenye orodha ya watu wenye ulemavu. Bila karatasi ya hospitali utazungushwa, kwa hiyo ukienda kwa hiyo TSH ya nesi hapo juu omba daktari aandike na ulemavu wenyewe.

Pili NIDA, kitambulisho cha taifa. Ameshafikisha 18, msajili. Bila namba ya NIDA hapati hata laini ya simu yenye jina lake, na siku mkitaka kumfungulia akaunti mtakwama hapo hapo.

Vyuo: serikali ina vyuo vya ufundi vya watu wenye ulemavu chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, kwako cha karibu ni Yombo, vingine ni Singida, Masiwani Tanga, Mtapika Masasi, Luanzari Tabora na Mirongo Mwanza. Matangazo hutoka, fuatilia. Ila aliyosema babaJ ni kweli, nenda na binti wakamwone kwa macho kabla hujajaza fomu, uliza wana mwalimu wa wenye ulemavu wa akili au ni wa viungo na viziwi tu.

Sheria Na. 9 ya 2010 inasema mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Kwenye utekelezaji ndio hivyo tena mnajua. Na ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, haina riba, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024.

Kisiki_Kikavu
Mkopo sio msaada lakini, unarudishwa. Msije mkamwingiza mama wa watu kwenye deni.

mwana_ustawi
Hapo umesema kitu. Mama Nuru usikimbilie mkopo kabla ya biashara kuwepo. Anzeni wazazi wa kile kitengo, namba za simu mnazo, kutaneni, mkiwa na kazi inayoenda ndio muulize mkopo na kama mzazi anaruhusiwa kusimama na mwanae kwenye kikundi. Inclusion Tanzania wanafanya kazi na vyama vya wazazi, SHIVYAWATA ndio shirikisho la vyama vyote vya watu wenye ulemavu. Na Special Olympics, michezo ya wenye ulemavu wa akili, wanapokea kuanzia miaka 8, juu hakuna kikomo, anapata mazoezi na wenzake.

pwani_mchangani
Huku Unguja tuna ZAPDD, ni jumuiya ya wenye ulemavu wa akili wenyewe na wazazi, ina matawi mpaka Pemba. Mdogo wangu anakwenda, kwenye mkutano huinua mkono akasema hataki kuitwa mtoto, ana ndevu. Dada kama una ndugu Zanzibar mtume akaone wanavyojiendesha.

MamaNuru_Mbagala
Jamani asanteni. Nimempigia mama mmoja wa kitengo, wake naye yuko ndani tangu Januari, Jumamosi tunakaa kwangu na wengine watatu. Hospitali tunaenda Jumatatu. @nesi hicho kipimo inabidi aende bila kula au anaweza kunywa chai? Asipokunywa chai asubuhi hatutaelewana.

nesi_wa_zamu
Anywe tu chai yake dada, TSH haihitaji kufunga. Ila uliza mapema bei na kama wanapima hapo hapo au sampuli inapelekwa kwingine, vituo vingine hawana hiyo mashine.