Mrejesho: Msumeno mdogo wa kukatia mikunjo, wembe haukatiki tena

Wakuu, habari za siku. Wiki tatu zilizopita niliuliza kwa nini msumeno wangu wa fremu ya U unavunja wembe kila nikikata mapambo ya kichwa cha kitanda, mninga wa inchi moja.

Fundi uliyesema nigeuze wembe, Mungu akubariki. Meno yalikuwa yanatazama mbele. Nimeyaelekeza kwenye mpini, sasa unakata ukivuta, na wembe unanyooka badala ya kujikunja kama ulivyokuwa ukisukumwa. Nikakaza mpini mpaka wembe ukiguswa unalia kama waya wa gitaa. Tangu hapo umekatika mmoja tu, kwenye kona kali niliyoilazimisha bila kusogeza msumeno juu chini huku nikigeuza taratibu.

Maua ya ndani ya ubao, yasiyofika ukingoni, nimefanya mlivyosema: toboa kwa keekee (kifaa cha kutobolea mbao), fungua wembe, upitishe tunduni, ufunge tena. Ua la katikati lilishindikana, fremu iligonga ukingo wa ubao. Hilo nimelitoboa matundu mengi, nikamalizia kwa patasi.

Upande wa nyuma mkato ulihama karibu milimita 3. Ushauri wa kukata nje ya mstari ndio ulioniokoa, maana nilibakiwa na mbao ya kusawazisha kwa tupa ya nusu duara na msasa.

Miguu ya inchi mbili imenishinda kabisa. Nimempelekea fundi mwenye msumeno mkubwa wa fremu ya mbao.

Asanteni sana, kitanda kimesimama na mama watoto amekipenda.