Mjadala: Njia za vilima vya Irangi, wilayani Kondoa, ziachwe wazi kwa baiskeli na wapanda milima, au ziwekewe masharti?

Mleta mada: Lami ya Dodoma hadi Babati ipo, na tangu 2024 treni ya SGR inashusha abiria Dodoma. Kolo na Kondoa sasa ni safari ya wikiendi hata kwa mtu wa Dar. Mimi nasema masharti yaanze sasa, kabla makundi hayajawa makubwa.

Mwongoza wageni: Masharti yataua biashara ikiwa changa. Michoro ya kale ya miambani ya Kolo iliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, lakini magari mengi ya watalii bado yanaishia Tarangire. Mwenye baiskeli analala Kondoa, anakula Kondoa. Mzungushe na vibali, atapitiliza.

Mtaalamu wa udongo: Ndugu yangu, biashara siikatai. Ila kumbuka kwa nini mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianzishwa 1973, na kwa nini 1979 mifugo iliondolewa kwenye eneo la Kondoa lililomomonyoka. Watu walihamisha ng'ombe wao ili makorongo yaote majani. Si haki tairi ziyafungue upya.

Uharibifu unaanza hivi: mtu anateremka amebana breki ya nyuma mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, tairi linaburuza na kuchimba mfereji. Kiangazi chote mchanga unalegea humo. Mvua za Desemba zikipiga, maji yanashika mfereji huo huo. Anayekuja nyuma anaukwepa kwa kupita pembeni, na njia ya nusu mita inakuwa ya mita tatu.

Dawa yake ni kukata njia kwa mshazari: isipande zaidi ya mita 1 kwa kila mita 10, wala ukali wake usizidi nusu ya ukali wa mteremko wa kilima chenyewe. Penye mteremko mkali, zika mawe kukatiza njia kwa mshazari, theluthi mbili ziwe ardhini, maji yachepukie kwenye majani. Jiwe lililowekwa juu juu linang'oka mvua ya kwanza. Na udongo ukiwa umelowa kiasi cha unyayo kuacha shimo, njia ifungwe.

Fundi baiskeli: Ongezeni mbigili. Mtu akiziona njiani anakatiza kwenye shamba la mtama la watu. Aje na gundi ya maji ndani ya tairi, tyubu mbili, viraka na solusheni. Akiziba pancha apapase ndani ya tairi kwanza, maana ncha ya mwiba ikibaki, kiraka ni kazi bure.

Mkazi wa Kolo: Mnasahau maji. Watu 20, lita 5 kila mmoja, ni ndoo tano kubwa. Wakizichota kisimani mwezi wa kumi, kuna mama atarudi na ndoo tupu. Waje nayo kutoka mjini. Tena Mungomi wa Kolo, mwamba wenye michoro, ni mahali pa matambiko hadi leo. Wazee wakiwa na shughuli, hakuna kupanda. Na anayemwagia michoro maji ili ing'ae kwenye picha anaifuta.

Mwongoza wageni: Kwa wazee na kwa maji nakubali, dada. Kufunga njia baada ya mvua nako sawa, mradi tangazo libandikwe Kondoa mjini, mgeni asikutane nalo mlimani. Kibali cha karatasi bado nakipinga: kijana wa kijiji alipwe kuongoza kila kikundi, wasizidi wanane, naye ndiye awe kibali.

Mtaalamu wa udongo: Basi kijana huyo apewe na jembe. Mawe yale yanahitaji kufukuliwa mchanga kila mwaka kabla ya mvua.